Kivuli cha Tulizo Kilikubali

Taa ya kijani ilianzia chini ya kiganja cha mkuu wa maktaba, ikapita kwa wahandisi, ikawazunguka wahadhiri, ikafika mbele ya kiti kitupu na kusimama. Meza ya Maafikiano haikuwa na papara. Ilisoma mapigo ya damu ya kila aliyeweka mkono juu yake, na mtu akisema ndiyo huku moyo wake unakataa, iligeuka manjano na mjadala ukaanza upya. Chuo Kikuu cha Uluguru kilijisifu kwa hilo: hakuna mashine ya kufundishia iliyowahi kuingia darasani pasipo wote kuridhia, profesa na mwanafunzi.

Kiti kitupu kilikuwa cha Tulizo Mbilinyi, mwakilishi wa wanafunzi.

"Tumsubiri?" aliuliza mkuu wa maktaba, Mzee Chambulikasi.

Mwenyekiti, Dakta Felista Mahundi, alijua Tulizo yuko wapi. Alikuwa hospitali, anapimwa masikio. Wiki mbili nyuma kijana alikuja ofisini kwake, akafunga mlango, akasema, "Shikamoo mwalimu. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia nalo linakwenda. Naomba usimwambie mtu mpaka nijue moja." Felista akamwahidi.

Na mashine waliyokuwa wakiijadili siku hiyo, jamani, ilikuwa Mnong'onezi! Kidude kidogo kama punje ya ufuta, kinakaa ndani ya sikio na kumfundisha kila mwanafunzi peke yake, kwa sauti, kwa mwendo wake. Maandishi hakikuwa nayo hata mstari mmoja. Kumbi za mihadhara zingefungwa na mbao za kuandikia zingeng'olewa. Felista alikihangaikia miaka sita, na alijua fika kwamba Tulizo akiingia mlangoni tu, mambo yote yataanza upya.

"Tusonge mbele," alisema, kama alivyosema katika kila kikao. "Kanuni inaruhusu kivuli."

Basi kivuli kikainuka kitini: Tulizo wa mwanga mtupu, na shati lake la mistari, aliyefinyangwa kutokana na kila neno ambalo Tulizo wa kweli aliwahi kulisema mbele ya kamati. Ya ofisini, mlango ukiwa umefungwa, hakikuyajua.

"Tumechoka kubanana mia tatu kwenye ukumbi mmoja," kilisema. "Ileteni hiyo mashine!"

Wajumbe wakacheka, maana ndivyo Tulizo anavyosema hasa. Meza ikawa kijani kote, hata chini ya kiganja cha Felista. Haikumkamata, kwa sababu kweli aliitaka ile mashine. Aibu ilimjia baadaye, alipokuwa akinawa mikono ale chakula cha mchana.

Zama zile madaktari walikuwa na dawa ya karibu kila kitu, lakini mshipa wa kusikia wa Tulizo ulikuwa umekufa. Alivumilia muhula mmoja, akisoma midomo ya wenzake waliomrudishia masomo kwa zamu wanapopata nafasi. Kisha akafungasha. Alipokuja kuaga alimwandikia Felista kwenye karatasi: "Nani alisema ndiyo kwa niaba yangu?"

Felista alichukua kalamu. Akaandika neno moja: "Kanuni." Loo, mtu mzima na shahada zake!

Neno hilo lilimtafuna mpaka kikao kilichofuata. Hakungoja ajenda.

"Mnong'onezi aongezewe maandishi," alisema. "Tulizo alikuwa anapoteza masikio siku ile tunapitisha. Mimi nilijua."

"Ulijua, Dakta?" Mzee Chambulikasi alivua miwani. "Ukatuacha tuweke mikono?"

"Nilijua. Nilijiambia natunza siri ya mtoto wa watu. Uongo mtupu! Ningeweza kuomba maandishi bila kumtaja mtu. Niliogopa mashine yangu isije ikakwama."

Hakuna aliyemtetea. Lakini mmoja mmoja waliweka viganja, na kijani kikatembea taratibu hadi kwenye kiti cha mwakilishi wa wanafunzi, ambacho bado kilikuwa cha Tulizo, kwa kuwa mrithi wake hakuwa amechaguliwa. Kivuli kikainuka.

"Maandishi ya nini tena?" kilisema kwa uchangamfu. "Mnong'onezi anatutosha. Mimi sikubali kurudishwa nyuma."

Meza ikageuka manjano. Walikisihi, wakakieleza habari ya masikio, kikatabasamu na kurudia yale yale. Bila wote kuridhia, hakuna kinachopita, na kabla ya uchaguzi aliyeweza kukiondoa kitini ni Tulizo mwenyewe tu, kwa kuweka mkono wake.

Felista alimwandikia Tulizo kwa simu pale pale: "Tulizo mwanangu, kosa ni langu, si la kanuni. Nakuomba urudi uweke mkono wako mezani."

Jibu lilifika kabla hajaishusha simu. "Shikamoo mwalimu. Mimi nimeshaanza kazi kwa mjomba huku Njombe. Muulizeni huyo mliyembakiza."

Felista alilisoma kwa sauti, kisha akainua macho. Kivuli kilikuwa kimekaa mbele yake na shati lake la mistari, kinasikia kila neno.