Uzi wa Buluu kwenye Filamu

Siku ya soko Sake hujaa hadi barabarani, na mtu anayetembea kinyumenyume lazima akanyage cha mwenzake. Symphorien alikanyaga kitambaa cha Adelaïde. Jicho lake lilikuwa limeganda kwenye kamera, akirudi nyuma ili wauza ndizi wote waingie kwenye picha, hadi kiatu chake kilipotua juu ya kitambaa kipya kilichotandazwa kwenye mkeka, mbele ya cherehani.

"Kaka, ku mugongo hauna macho," sauti ikasema. "Shusha ile mashini yako kidogo, utaona kama huku chini iko watu."

Aligeuka aombe radhi, akasahau radhi huombwaje. Msichana alikuwa na gauni la buluu la kubana kiuno, lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe. Na aliketi wima kiasi kwamba hata hakimu angejikuta anajitetea mbele yake.

Ulikuwa mwaka wa 1955. Symphorien, kijana wa Mubi kule Walikale, alimfanyia kazi Mbelgiji mmoja aliyezunguka Kivu akipiga picha za kadi za posta. Alimpakilia filamu, alimtafsiria, na mara mojamoja aliachiwa kamera. Jioni ile alirudi kwa Adelaïde kuomba radhi sawasawa. Kesho yake akarudi tena, na kifungo alichodai amekiokota sokoni. Adelaïde alimwonyesha kwamba kifungo hicho kimetoka kwenye shati lake mwenyewe, akakishona palepale, shati likiwa mwilini, sindano ikipita karibu kabisa na kifua. Symphorien hakuthubutu kupumua. Kufikia mwisho wa juma walikuwa wanapendana, na soko zima lilishajua.

Kabla lori lake halijapanda kwenda Masisi na Walikale, Mbelgiji alitaka picha kwenye mawe ya volkano. Symphorien alimsihi Adelaïde aje apigwe picha nzuri na gauni lake la buluu. Akaja, na shangazi yake, Mama Drocella, akaja kumlinda.

Mashariki ya Sake lipo jangwa jeusi ambalo volkano ililimwaga mwaka wa 1938. Ni mawe makali matupu, hakuna kivuli, na barabara ni moja tu, imepasuliwa katikati. Saa sita mchana joto hutoka juu na chini kwa pamoja, hata soli za viatu zinaanza kunata. Hapo Mbelgiji akashusha kikapu chenye sketi ya majani, akasema maneno yake kwa Kifaransa. Symphorien alitafsiri huku akitazama miguu yake.

"Anasema uvue robe, hiyo gauni yako. Anataka foto ya mwanamuke wa zamani."

"Na weye, unasema nini?"

Symphorien hakusema kitu. Nami nasema wazi, kimya kile kilikuwa kibaya kuliko ile sketi.

Adelaïde alikataa, akaenda nyuma ya lori. Joto lilikuwa karibu kumwangusha, kwa hiyo shangazi alimfungua gauni mgongoni na kummwagia maji mabegani. Kamera ikalia. Mbelgiji alikuwa amezunguka upande wa pili, anacheka, na filamu akampa Symphorien aitunze. Adelaïde alijifunga haraka hadi pindo likanasa kwenye chuma cha lori na kuacha uzi.

"Ulijua," alimwambia Symphorien. "Ile kikapu ni weye uliibeba."

Ilikuwa kweli. Wanawake wawili wakarudi Sake kwa miguu, na lori likaenda zake.

Kila mtu alijua kadi za namna hiyo huuzwa madukani Goma. Mtu yeyote angeweza kununua mabega ya Adelaïde akayatia mfukoni. Hakulia. Alishona vibaya, alifumua, na kila dereva aliyetoka Masisi alimuuliza lori la Mbelgiji liko wapi. Alipoambiwa limelala Masisi na asubuhi litateremka kwenda Goma kusafisha filamu, alivaa gauni lilelile la buluu. Pindo alikuwa amelirudisha kwa uzi mweupe, makusudi, ili lionekane. Akaenda kusimama katikati ya barabara, kwenye mawe.

Lori likaja, likapiga honi. Hakusogea. Pembeni ni mawe matupu, hakuna pa kupita, kwa hiyo dereva akazima injini. Mbelgiji alifoka. Adelaïde alimtazama Symphorien peke yake.

"Foto yangu iko wapi?"

Symphorien aliteremka na sanduku la bati. Njia nzima hadi Walikale alililaza chini ya kichwa chake usiku, akitafuta ujasiri, maana aliogopa kupoteza kazi. Akatoa filamu moja, iliyofungwa kwa uzi wa buluu. Adelaïde akautambua uzi wa gauni lake.

"Siku ile nilinyamaza," akasema Symphorien. "Leo sinyamazi."

Akaukata uzi kwa meno, akaivuta filamu yote juani, kutoka mwanzo hadi mwisho, picha zote zikaungua mbele ya macho ya Mbelgiji. Mbelgiji alimfukuza kazi palepale, akamtupia mfuko wake chini. Adelaïde akasogea, na lori likaondoka na vumbi lake.

Walibaki wawili na lile joto. Symphorien hakujitetea. Ndani ya mfuko ilikuwamo kamera yake ndogo ya zamani, yenye picha moja iliyobaki. Adelaïde akaichukua.

"Simama pale. Vua shati."

Symphorien alimkodolea macho.

"Nataka foto ya mwanaume wa zamani."

Mkono wa Symphorien ukaenda kwenye kifungo cha kwanza, kile alichoshonewa na Adelaïde. Angevua kweli. Aliona anastahili.

"Acha," Adelaïde akasema, na kicheko alichojinyima siku zote zile kikamtoka. "Funga kifungo, mupenzi. Hii foto iko ya kupeleka kwetu Bihambwe. Baba lazima aone uso ya muntu mwenye atakuja kuniomba ndoa."

"Nani alikuambia niko nakuja kukuomba?"

"Angalia mu mashini," akasema Adelaïde. "Na usitingishike."

Symphorien akasimama wima, shati limefungwa hadi shingoni, jasho likimtiririka, na hakutingishika.