Alichokificha Baharia wa Mungaa

Luciana na Gasto walipotea siku ya tatu ya safari yao ya kwenda stesheni ya Itigi, kwa kosa la watu waliokulia nyuma ya ng'ombe. Kisima walichoelekezwa walikikuta kikavu, tope limepasuka. Luciana akaona kwato nyingi zimeingia kichakani.

"Hawa wanakwenda kunywa," alisema. "Tuwafuate."

Kumbe walikuwa nyati, nao walikuwa wakienda kulamba chumvi. Jua la utosi liliwakuta kwenye uwanja mweupe wa magadi, na nyuma yao vichaka vya Itigi vimejifunga, vijia chungu nzima, vyote sura moja.

"Mama mdogo, turudi."

"Turudi wapi? Unakijua kijia tulichojia?"



Gasto alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Luciana. Yeye na Naftali, mwana wa Luciana, walikwenda pamoja kuchochea makaa melini, vita vikaanza, meli ikazamishwa. Mwaka huu wa 1941 Gasto alirudi Mungaa peke yake na habari ndefu: siku nane ndani ya mashua, kisha kukamatwa na Waitaliano pwani ya Wasomali, kifungo, na kutoroka. Naftali, alisema, alivunjwa mguu na boriti meli ikizama, akafa mashuani siku ya tatu. Ukoo ukataka kukaa matanga. Luciana akakataa katakata. Alikuwa amesikia kwamba stesheni ya Itigi yupo Anselm, aliyekuwa katika meli ileile. Akamwambia Gasto, "Nisindikize." Angekataaje?

Kibuyu kilibaki na maji ya kufunika kitako tu. Gasto akayapima kwa kifuniko cha kopo la ugoro la Luciana.

"Usimeze upesi. Yazungushe mdomoni kwanza. Ndivyo tulivyoishi baharini."

Hilo Luciana aliliamini. Mkono ule haukumwaga hata tone.

Kesho yake kisiki kikamchoma Luciana unyayo, damu ikamwagika. Gasto akawasha kijimoto, akashindilia majivu kwenye jeraha.

"Naftali nilimfanyia hivihivi. Damu ikakata."

Luciana alitazama mguu wake, akamtazama Gasto.

"Mashuani?"

"Ndiyo, mama."

"Mashua ya mbao, maji kila upande. Majivu mlitoa wapi, mwanangu?"

Mkono wa Gasto ukasimama. Inzi walitua kwenye damu, hakuwafukuza.

"Hakufa baharini," alisema Gasto. "Tulifika wote. Tukafungwa wote. Siku niliyotoroka, ukuta ulikuwa mrefu, na mguu wake ndio huo. Nikamwacha yu hai. Ningesemaje nyumbani? Nikaona afadhali niseme amekufa."

Luciana alitamani kumzaba kofi, lakini nguvu zilizobaki zilitosha jambo moja tu. Akamimina kifuniko cha mwisho, akampa.

"Kunywa."

"Hicho ni chako, mama mdogo."

"Nina haja na mabega yako. Hasira nitaitumia tukifika."

Gasto akambeba. Ulimi wa Luciana ulikuwa mkavu kama kipande cha ngozi, masikio yakivuma. Ndipo kitu kikalia mbali, upande wa kushoto.

"Tembo?"

"Treni!" Gasto akageuka hapohapo. Hakufuata tena kwato zozote. Aliingia miibani moja kwa moja, shati likibaki vipande nyuma yake, mpaka mti wa mwisho ukawaachia na reli ikang'aa mbele yao.

Wakaifuata hadi stesheni. Anselm alikuwa kwenye tangi, akijaza maji injini. Aliwanywesha kidogokidogo, kisha akamkazia macho yule kijana.

"Gasto? Wewe si mzimu?"

Luciana hakungoja. "Baba, Naftali wa Mungaa unamjua?"

"Yule wa mguu? Waingereza walipoiteka pwani ile tulitoka naye kifungoni, yeye kwenye machela. Nilimwacha hospitali Dar es Salaam, anatembelea gongo na kugombana na wapishi. Mtu anachosha yule! Kila mgeni anamuuliza: Gasto alifika? Maana ndiye aliyeinama ili wewe, Gasto, upande mgongoni kwake uvuke ule ukuta."

Gasto aliketi kwenye kokoto, akaficha uso. Hilo hakuwa amelisema kwa mtu.

Luciana akalia, akacheka, akajifuta kwa upindo wa kaniki. Kisha akachechemea mpaka alipoketi yule mtoto wa dada yake, akamshika sikio kama alivyokuwa akimshika zamani.

"Inuka. Treni ya pwani inapita lini, Anselm? Huyu ana swali la Naftali la kujibu."