Mizunguko Sita

Jumanne, tarehe kumi na moja Februari mwaka 2025, saa tisa alasiri, pikapu ya Bonifasi ilikuwa ikishuka kutoka Newala kwenda Masasi. Ilipofika korongoni ikagonga mwamba, ikakaa.

Barabara kubwa ilikuwa imefungwa. Kibao kilielekeza magari yote kupita huku, njia ya vumbi inayokatisha korongo bila daraja. Makaravati, yale mabomba makubwa ya chuma ya kupitishia maji chini ya barabara, yaliletwa miaka mitatu nyuma. Yalikuwa yamelala pembeni, nyasi zimeota ndani. Ni hapo hapo mwaka juzi Bonifasi alikaa saa nne akisubiri maji yapungue, mkewe Anastasia akiwa mgonjwa nyuma ya gari juu ya godoro. Yalipopungua, Anastasia hakuhitaji tena hospitali. Bonifasi aliuliza kwenye mkutano wa hadhara. Mkubwa mmoja akamjibu kwamba mchakato unaendelea.

"Mchakato!" alisema sasa, akapiga usukani. "Wenzetu wanakula mchakato, sisi tunakula vumbi."

"Shuka kwanza, hotuba baadaye," alisema Mudathiri, muuza samaki wakavu wa Lisekese, aliyekodi gari hilo yeye na mkewe Zena.

Pua ya gari ilikuwa imekalia mwamba. Mudathiri akalala chini upande wa kushoto ili asukumie jiwe kwenye gurudumu. Gari likateleza shibiri moja tu. Yowe la Mudathiri likarudi kutoka ukuta wa pili wa korongo. Chasisi ilikuwa imembana mguu kwenye mwamba, chini ya goti.

Jeki ilizama mchangani kama kijiko kwenye uji. Wakaiwekea jiwe, nalo likazama.

Ndipo Zena alipoinua uso. Huko juu Newala mbingu ilikuwa nyeusi. Akamgeukia Bonifasi.

"Baba Winfrida, imenyesha juu. Maji yanakuja."

Yalikuja polepole, rangi ya chai ya maziwa, yakipenya katikati ya mawe. Watu wa Newala hununua maji kwa ndoo. Haya yaliteremka bure, na yalimfuata mtu aliyebanwa.

Bonifasi alijua kwa nini gari lilikuwa chini hivyo. Msimu wa korosho, magunia yakijaa nyuma, pua huinuka na taa humulika vilele vya mikorosho. Kwa hiyo madereva hulegeza zile nondo mbili ndefu chini ya gari, zinazojipinda kubeba uzito wa mbele. Mafundi huziita tosheni ba. Fundi Danieli wa Masasi alilegeza bolti zake mizunguko sita kila upande, akamwambia, "Msimu ukiisha, rudi tuinyanyue." Korosho ziliisha Desemba. Bonifasi hakurudi.

"Nikikaza, magurudumu yatasukuma chini na pua itapanda," alisema, akamwambia Zena. "Mama Pili, shindilia mawe chini ya matairi. Yote mawili, yabane kabisa."

Alianza kushoto. Angeanza kulia, gari lingemlalia Mudathiri zaidi. Akalala kwenye maji, akavisha spana kichwa cha bolti, akavuta. Moja. Mbili. Tatu. Akatambaa upande wa pili. Moja, mbili, tatu.

"Hesabu vizuri," Mudathiri alisema, meno yakigongana. "Darasa la nne lenyewe hukulimaliza."

"Sita nilifundishwa la kwanza. Nyamaza, usimeze maji."

Maji yalimfika Mudathiri kifuani. Zena alikaa nyuma yake, akamwinua kichwa kwa mapaja yake. Bonifasi alirudi kushoto. Sasa bolti ilikuwa ndani ya maji na uzito wote umehamia juu yake, spana haikusogea. Akachomeka bomba la chuma kwenye mpini, akatia bega. Ngozi ya kiganja ikachunika. Nne. Akaibuka kuvuta pumzi, akazama tena, akatafuta kichwa cha bolti kwa vidole. Tano.

"Maji yako kidevuni!" Zena alipiga kelele. "Baba Winfrida!"

Bonifasi hakusikia. Alikuwa chini, amefumba macho, mguu wake umekita mwambani. Sita.

Chuma kililia. Pua ikapanda, upana wa vidole viwili.

"Vuta!"

Zena akavuta. Mguu ukatoka, umepinda pasipo kiungo.

Walimburura hadi juu, wakaingia ndani ya karavati moja kujikinga na mvua iliyokuwa sasa imefika na huko. Zena akachana kanga, akafunga mguu kwa vijiti viwili. Chini yao maji yalilichukua gari taratibu, pua ikiwa juu, kama ilivyopaswa kuwa tangu Desemba. Bonifasi alitazama mpaka likapotea kwenye kona. Hakumlaani mtu.

Jua lilikuwa bado halijazama vijana wa bodaboda walipowaona, wakambeba Mudathiri hadi Newala kwa machela ya miti.

Alhamisi afisa wa barabara alikuja korongoni na viatu visivyo na tope, akaandika kwenye ripoti yake: uzembe wa dereva.

"Andika, mkubwa," alisema Bonifasi. "Zile bolti nililegezesha mimi, na sikurudi kuzikaza. Hilo ni langu, weka na jina langu." Akagonga karavati kwa spana, likalia kama kengele. "Na hili, utaandika jina la nani?"