Kichwa Hakiniumi

Fundi cherehani aliamka mapema kama kawaida yake. Alifungua chumba cha kushonea, akafuta vumbi kwenye mashine, akaitia mafuta. Kisha akaja mezani. Kabla hajaonja chochote, alichukua kopo la chumvi akamimina kwenye sahani yake mpaka mkewe akageuza uso.

"Baba watoto, hujaonja hata kijiko! Na dawa umemeza?"

"Kichwa hakiniumi. Nimeze ya nini?"

Vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye droo, pamoja na vifungo vya mashati. Mwaka uliopita alipimwa kwenye zahanati, akakutwa na presha ya juu. Mhudumu aliyempa dawa hakumweleza lolote. Alicheka tu: "Nyie watu weusi, presha ni kawaida yenu. Kichwa kikiuma, meza kimoja." Fundi aliifurahia kauli hiyo, akaitangaza mtaa mzima. Kaka yake alikuwa amekufa kwa presha hiyohiyo, akiwa bado na nguvu zake, na msibani watu walisema ni mambo ya ukoo. Mke wa fundi alisikia yote hayo. Yalimkasirisha.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa akikata kitambaa cha suti. Ghafla mkasi ukamponyoka. Alijaribu kuuokota, vidole vikakataa. Mdomo ukaenda upande, na maneno yakatoka kama ya mlevi. Mkewe alipiga kelele. Baada ya muda mfupi mkono ukapata nguvu na mdomo ukanyooka.

"Nimechoka tu," fundi alisema. "Niletee maji nimalizie suti ya watu."

"Suti? Unataka wakuzike nayo? Inuka!"

Jirani yao, muuguzi wa hospitali ambaye mtaa mzima humwita Sista, alikuwa akitoka kwenda kazini. Alisikia kelele, akaingia mbio, akaelezwa yaliyotokea.

"Hospitali, sasa hivi," alisema. "Hata kama hali hiyo imepita."

Walipanda teksi wote watatu. Hospitalini presha ya fundi ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari alimtibu, akamlaza. Kesho yake Sista alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Shemeji, jana kiharusi kilikupigia hodi."

"Lakini kichwa hakikuniuma, Sista."

"Presha haibishi hodi kwa kichwa. Mara nyingi huisikii kabisa. Inaharibu moyo, figo, macho na ubongo kimyakimya."

"Si ndivyo tulivyo, sisi watu weusi?"

Sista alikunja uso. "Nani kakudanganya? Ni kweli, katika nchi nyingi watu weusi wanaugua presha kwa wingi, tena mapema. Hiyo si kawaida, ni hatari! Ndiyo maana tupimwe mapema. Ngozi haina kosa. Kuna urithi, sawa. Lakini kuna chumvi, uzito, sigara, mawazo, kukaa kitini kutwa. Na kuna watu wanaotupa dawa bila maelezo, kisha wanatucheka. Hilo linaniudhi!"

Mke wa fundi hakuweza kujizuia. "Mashine yake anaitia mafuta kila asubuhi, kabla haijalia! Moyo wake ndio anausubiri ulie!"

Fundi aliangalia chini.

Sista aliwaeleza taratibu. Kidonge ni kila siku, hata ukijisikia mzima. Usiache bila kumwuliza daktari. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Kula mboga na matunda. Tembea kwa miguu.

Nyumbani, kopo la chumvi liliondoka mezani siku ileile aliyoruhusiwa kutoka hospitali. Fundi alinung'unika. "Chakula gani hiki, cha wagonjwa?"

"Cha mgonjwa asiyetaka kufa," mkewe alijibu, akamkamulia ndimu juu ya mboga.

Ulimi ulizoea. Dawa alimeza na chai ya asubuhi. Dukani kwa vitambaa alikwenda kwa miguu, akilalamika njia nzima, lakini alikwenda.

Baada ya miezi michache walirudi hospitalini kupima presha. Mia na ishirini na sita kwa themanini.

"Nimepona?"

"Umeidhibiti," Sista alisema. "Ukiacha, inarudi." Kisha akamgeukia mkewe. "Na wewe, mama, ulipimwa lini?"

"Mimi? Mimi nimemsindikiza huyu."

Sista alimfunga kifaa mkononi. Alitazama namba, akamwambia apumzike, akapima tena. Presha ilikuwa juu mara zote mbili.

Fundi alisimama kwa hasira. "Miezi yote hii unanifokea, kumbe mwenyewe hujawahi kupimwa? Ulitaka uniache na nani?"

Machozi yalimlengalenga mkewe.

"Tumeiwahi," Sista alisema. "Hilo ndilo la kushukuru."

Fundi alichukua mkoba wa mkewe, akaupakata.

"Kaa chini, mama," alisema. "Hatuondoki hapa mpaka daktari akuone."