Usiniite Paashe

Mbuzi ndiye aliyewakutanisha. Laurencia alikuwa mnadani Karatu, ameshika gauni la mtumba la bluu akibishana bei, mbuzi akaja akaanza kulitafuna pindo lake. Mwenye mbuzi, kijana mrefu aliyejifunga shuka jekundu juu ya fulana ya madereva wa watalii, akamvuta mnyama taratibu, kisha akalilipia gauni.

"Samahani, mwalimu. Mbuzi wangu anajua kuchagua."

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Umemgombeza kama mtoto aliyechelewa namba."

Huyo alikuwa Supeet, mzaliwa wa kijiji cha Piyaya. Tangu siku hiyo, kila akipandisha wageni kutoka bondeni Ngorongoro alimpigia simu, hata kama hana la kusema. Walipochumbiana alimpa ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe puani, aliyebaki kwenye boma la mama yake Supeet. Kwa Wamaasai, mkishapeana ndama jike mnaacha kuitana majina yenu, mnaitana Paashe. Na ndama huyo hauzwi mwenzako asijue. Laurencia, binti wa Kiiraqw kutoka Kansay, alilipenda jina hilo kuliko pete.

Supeet alikuwa akimlea Nailantei, mtoto wa marehemu kaka yake. Binti huyo alianza shule akijua Kimaa tu, akafika darasa la tatu hajui kusoma. Kwenye kituo cha masomo ya ziada alikofundisha Laurencia, watoto wa namna hiyo walisomeshwa wachache wachache, neno kwanza kwa Kimaa, ndipo kwa Kiswahili. Nailantei alikuwa ameanza kuunganisha silabi wafadhili wa kituo walipoondoka. Ikawekwa ada, na nusu ya watoto wakarudi nyumbani.

"Mlete kwangu jioni," Laurencia alimwambia Supeet. "Nitamfundisha bure."

"Hapana, Paashe. Bosi wangu amekubali kulipa."

Laurencia alimwombea bosi huyo kanisani.

Mnada uliofuata, akapita upande wa ng'ombe. Ndama mweusi mwenye doa jeupe puani alikuwa amefungwa kamba, akilamba chumvi kiganjani mwa mchuuzi. Laurencia alipouliza, mchuuzi akasema kauziwa na dereva mmoja Mmaasai aliyekuwa akitafuta ada ya mtoto. Laurencia akampigia Supeet simu akiwa amesimama palepale.

"Ndama wetu hajambo?"

"Mzima, Paashe. Amenona."

Laurencia akakata simu. Antonia, muuza chai, akamsogezea kiti chake mwenyewe, akamwekea kikombe mkononi, wala hakumuuliza kitu.

Kesho yake Supeet alikuja kumchukua mtoto baada ya kipindi. Alikuwa amemmenyea Nailantei chungwa, kama kawaida yake, na kumtolea mbegu. Wema huo mdogo ndio uliomuuma Laurencia zaidi. Akamwambia alichokiona mnadani. Supeet hakukana.

"Nyumbani wangenicheka," alisema. "Mwanaume gani anasomeshewa mtoto bure na mchumba wake?"

"Kwa hiyo ukamuuza ndama, ukaendelea kuniita kwa jina lake."

"Nilitaka kumkomboa kabla hujajua."

"Jana nilikuuliza, Supeet. Nilikupa nafasi. Ukasema amenona."

Laurencia akainama, akamfuta Nailantei maji ya chungwa kidevuni, akamwambia kuanzia kesho aje kwake jioni, kutakuwa na maziwa na kitabu, hata kama yeye na baba yake mdogo hawataoana.

"Na mimi, Paashe?"

"Usiniite hivyo. Ndama hayupo. Nina jina nililobatizwa."

Supeet alifungua mdomo. Tangu wachumbiane hakuwahi kulitamka.

"Lau..." akasema, sauti ikakatika. "Lauren..."

Laurencia hakumsaidia. Alisimama, machozi yakimtiririka, akimsubiri afike mwisho wa neno, kama anavyowasubiri watoto wote.