Jina Lililozidi Mapigo

"Ina ni nani?"

Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshapanda jukwaani, kitenge kimefungwa kiunoni kikazi, maiki mkononi. Alikuwa amempokonya mwimbaji.

"Nauliza kwa Kiswahili, au mnataka niulize kwa Kiha? Ina ni nani?"

Ukumbi mzima pale Kibondo ulinyamaza. Bendi nayo ilinyamaza, isipokuwa Haidari wa gitaa la besi, ambaye hupiga akiwa amefumba macho, kwa hiyo habari zilikuwa hazijamfikia. Aliendelea du, du, du peke yake mpaka mpiga ngoma alipomchoma kijiti mgongoni.

Sylvesta, mwimbaji mwenyewe, alikuwa amefanya makosa mengi jukwaani tangu aanze kuimba na bendi hiyo ya Kasulu. Kule Busunzu jenereta lilizimika, naye akaendelea kuchezesha mdomo kwa hisia, mkono kifuani, wakati watu walishaanza kutafuta tochi. Kule Kagerankanda alimwita babu wa bwana harusi kwa maiki asimame acheze kidogo, kumbe babu alizikwa mwezi uliopita. Yote yaliishia kwenye kicheko, na wakiwa garini kurudi Kasulu aliyasimulia kwa raha zake. Hili la leo lilikuwa la kuvunja ndoa ya watu. Na ya kwake, ambayo hata haijafungwa.

Chanzo ni wimbo. Sylvesta alikuwa na wimbo mmoja mtamu wa kuwaingiza maharusi, na kwenye kiitikio aliacha nafasi ya jina la bibi harusi. "Ni wewe tu, Zena, ni wewe tu." Akiwa Rosa, anaingia Rosa. Akiwa Adija, anabanwa kidogo, anaingia. Harusi zote za wilaya mbili zilikuwa zimepita humo.

Sasa mwaka jana alimpenda fundi cherehani wa hapohapo Kibondo, Ininahazwe. Akaenda dukani kwake na gitaa, akakaa kwenye benchi la wateja, akamwimbia wimbo uleule. Jina lilikuwa refu, akalikata likawa Ina.

"Umeutunga lini?" binti aliuliza, machozi yakimlenga.

"Jana, nikikuwaza wewe."

"Kuna mwingine umewahi kumwimbia?"

"Haki ya Mungu, hakuna."

Wakachumbiana. Tangu siku hiyo, kila bendi ikialikwa Kibondo, Sylvesta alipatwa na homa. Safari hii kiongozi wa bendi alimwambia aje na homa yake. Asubuhi akatuma ujumbe:

"Mpenzi leo tuko mazoezini huku Kasulu mpaka jioni. Simu itakuwa mbali."

Akajibiwa: "Sawa baba. Mimi niko dukani. Ule vizuri."

Na kweli Ininahazwe alikuwa dukani, mpaka zipu ya gauni la Rosa, bibi harusi wa leo, ilipokatika mlangoni mwa ukumbi na mtu akatumwa mbio kumwita fundi. Bendi ilikuwa imeshaanza. Maharusi hawasimami mlangoni bendi ikishaanza, kwa hiyo Rosa aliingia akicheza taratibu, na fundi nyuma yake akiwa ameinama, mkono mmoja umelibana gauni, pini zimepangwa mdomoni, naye anafuata mapigo hivyohivyo.

Sylvesta alifika kwenye kiitikio. "Ni wewe tu..." Akafumbua macho amwangalie bibi harusi. Nyuma ya bega la Rosa akakutana na macho ya mchumba wake.

"...Ina, ni wewe tu."

Na kwa kuwa kiitikio kinarudiwa, akarudia.

"Mimi simjui Ina yeyote," alisema Bazilio, bwana harusi, na kwa jinsi alivyoapa haraka hata mama yake mzazi aligeuka kumtazama.

"Bazilio," Rosa alisema, "sikai kwenye kile kiti mpaka nijue."

"Rosa, nakuapia..."

"Usiniapie. Niambie."

Haidari alimsogelea Sylvesta sikioni. "Sema ni marehemu bibi yako, sha, rafiki yangu. Sema umemkumbuka ghafla. Nani atambishia maiti?"

Uongo ulikuwa mzuri, tena ulikuwa tayari. Lakini Ininahazwe alikuwa palepale, ameduwaa na pini zake mdomoni, na Sylvesta alijua kwamba akidanganya tena mbele ya yule binti, basi amemkosa moja kwa moja. Akili ilimwambia amemkosa tayari. Aliomba maiki kwa shangazi.

"Bwana harusi hana kosa. Ina ni mchumba wangu mimi. Ni yule pale, mwenye pini mdomoni."

Ukumbi wote uligeuka. Ininahazwe hakuweza kujibu kwa sababu ya pini, akabaki kutoa macho.

"Na kwa nini umemwimba kwenye harusi ya mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, nilimdanganya kwamba wimbo huu niliutunga kwa ajili yake. Kumbe nauimba kila harusi, nabadilisha jina tu. Nilipomwona, ulimi ukaniteleza."

"Subiri kwanza," alisimama mama mmoja kwenye meza za nyuma. "Si ndio wimbo uliouimba kwenye harusi yangu Muyama? 'Ni wewe tu, Swaumu'? Mimi nimeurekodi kwenye simu. Mume wangu akiniudhi nausikiliza ndio namsamehe."

"Samahani, mama."

"Sasa nitamsamehe kwa kitu gani?"

Watu waliangua kicheko, Rosa wa kwanza, na Bazilio akashusha pumzi akakaa. Shangazi peke yake hakucheka. "Kijana, una gauni moja unawavisha wanawake wa Kigoma nzima," alisema, akashuka.

Ininahazwe alitema pini kiganjani. Sylvesta alidhani atamtukana, na angefurahi kutukanwa.

"Rosa, simama wima nimalizie," alisema tu. Akafunga gauni vizuri, akamtakia bibi harusi heri, akatokea mlango wa jikoni.

Sylvesta alipiga simu kila wimbo ulipoisha. Jioni ujumbe ukaingia:

"Usinipigie mimi. Mpigie Rosa. Akiwa na kazi mpigie Swaumu."

Jumatatu alipanda gari kutoka Kasulu mpaka dukani kwake. Alimkuta kwenye cherehani, hakuinua kichwa.

"Benchi ni la wateja," Ininahazwe alisema.

"Nimeleta suruali ya kupunguza."

"Iweke. Nenda."

"Ina..."

Cherehani ilisimama. "Unajua kilichoniuma? Si kuimba, kuimba ni kazi yako. Kilichoniuma ni hilo Ina. Baba yangu alinipa jina zima. Nilidhani umelifupisha kwa mapenzi, mpaka nikakataza watu wengine wasiniite hivyo, nikisema ni la Sylvesta peke yake. Kumbe ulilikata lienee kwenye tundu la akina Zena."

Sylvesta aliiweka suruali kwenye benchi. Yote aliyoambiwa yalikuwa kweli.

"Nifanye nini?"

"Niimbe mzima. Ukishindwa, suruali utaikuta kwa jirani."

Mazoezini Kasulu walihangaika na jina hilo wiki nzima. Wakiliharakisha, Sylvesta aling'ata ulimi. Wakilivuta, ngoma zililikanyaga.

"Jina limezidi mapigo, kaka," Haidari alisema. "Huwezi kutafuta binti mwenye jina fupi? Dada yangu anaitwa Zai."

"Haidari, nampenda huyu."

Haidari alimtazama rafiki yake, akaona macho yamemlowa, akaacha utani. "Basi jina lisitufuate sisi. Tunyamaze wote, ulitaje lote, ndipo turudi."

"Utaweza kunyamaza wewe?"

"Nitafumbua macho."

Siku ya gulio bendi ikashusha spika mbele ya duka la cherehani. Sylvesta alianza wimbo mpya kabisa, usio na kiitikio cha zamani hata chembe. Ulipofika mahali penyewe ngoma zikakatika, magitaa yakakatika, soko zima likasikia mtu mmoja akiita polepole, "I-ni-na-ha-zwe." Halafu bendi ikaingia kwa kishindo.

Ininahazwe alitoka mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Rudia," alisema. "Nilikuwa napiga pasi, sikusikia vizuri."

Walirudia. Walirudia tena. Mara ya mwisho alikuwa analia na kucheka, akamtupia Sylvesta suruali usoni. "Ego, ndiyo, nimesikia. Imeshapunguzwa, ivae ukamwone baba."

Wimbo huo bendi ilijaribu kuwaimbia wengine. Bwana harusi mmoja aliuomba kwa ajili ya bibi harusi wake, Zena. Bendi ikakatika, jina likaisha papo hapo, kimya kikabaki kinaning'inia, na wapishi wakakimbilia jenereta wakidhani limezimika. Hawakujaribu tena.

Harusi yao wenyewe ilifungwa Kibondo baada ya mavuno. Shangazi wa Rosa alijialika, akaomba kiti cha mbele, karibu na maiki, kwa usalama alisema. Sylvesta aliimba mwenyewe ndani ya suti. Alifika mahali penyewe. Ngoma zikakatika, magitaa yakakatika, Haidari akakodoa macho.

Jina halikutoka. Sylvesta alimtazama bibi harusi, machozi yakaanza kumshuka mbele za watu. Wapishi wakaanza kuangaliana.

Shangazi aliinuka kwenye kiti chake, akamnyang'anya maiki kwa mara ya pili.

"Haya, ni nani?" alimuuliza, safari hii kwa upole. "Sema, mwanangu. Ni nani?"

Ininahazwe alinyoosha mkono, akaichukua maiki.

"Ni Ininahazwe," alisema.

Haidari akabonyeza besi.