Robo Tatu Si Tatu

Sikilizeni, watu wa Mai Tsaeda. Mtasema haya yamepita. Semeni, lakini sikilizeni.

Asubuhi moja ya mfungo, Letebrhan alikuwa akipika taita, mkate wetu mwembamba kama chapati, duara moja baada ya jingine, huku akiona kwa mbali vitunguu vyake vilivyokuwa kijani. Mjane huyu hakuwa na kingine. Vitunguu vile ndivyo vingewalisha wanawe watatu hadi mvua. Abrehet, jirani yake, akaingia bila hodi.

"Dada, zamu zetu za maji zimefutwa."

"Nani kazifuta?"

"Baba wa Maji. Anasema bwawa limebaki robo tatu, basi ni mashamba matatu. Lake, la kaka yake, la shemeji yake. Sisi watatu wa chini tungoje mvua."

Taita ikaungua.

Huyo Baba wa Maji, Gebrekidan, tulimchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono. Tukamkabidhi fimbo ya kupimia bwawa, yenye alama nne. Na sheria tuliijua sote: zamu ya shamba moja ni nusu ya robo ya bwawa. Tuliijua, tukanyamaza. Hata mwaka jana tulinyamaza.

Kila siku Letebrhan alichomeka kidole kwenye udongo wa shamba lake. Siku ya kwanza ncha ilitoka na unyevu. Siku ya pili alichomeka kidole kizima ndipo akagusa ubaridi. Siku ya tatu kilitoka na vumbi, na majani yalikuwa yamegeuka manjano. Wakati huohuo, juu kule, mfereji ulikuwa ukinywesha michungwa ya Gebrekidan, ambayo haikuwa na zamu.

Jumapili, mkutanoni uani mwa kanisa, Letebrhan alisimama.

"Mzee, kila shamba linakula nusu ya robo. Mbona ni matatu tu?"

Gebrekidan akacheka. "Mama, ukigawanya kitu kinapungua. Umewahi kugawanya chakula kikaongezeka? Hata hayo matatu nimewahurumia."

Watu wakacheka naye. Ndiyo, nyinyi.

Letebrhan akafunua kikapu, akatandaza taita moja. Akaikunja mara mbili, akaikunjua, akachana robo moja na kuiweka kando.

"Hiyo ni ile robo iliyokauka. Hizi ndizo robo tatu zako." Akachana kila robo katikati. "Na hizi ni zamu. Hesabu."

"Hesabu za jikoni hizo."

"Kwani wewe unakula wapi, ofisini?" Abrehet akadakia. "Hesabu, mzee."

Umati ukamhesabia, mpaka sita.

"Taita haikuongezeka," Letebrhan akasema. "Nimeuliza tu vipande vidogo vingapi vimo ndani yake. Vitatu mmeshakula. Vyetu vitatu viko wapi?"

Tukakimbilia bwawani. Fimbo ikazamishwa, ikatoka imelowa robo moja tu. Letebrhan alielewa kabla ya wote: robo moja ni vipande viwili. Mashamba ya chini ni matatu, na lake ndilo la mwisho. Kipande cha tatu kilikuwa kimenywewa na michungwa.

Gebrekidan alivuliwa fimbo palepale. Lakini fimbo hainyweshi kitunguu.

Shamba la kwanza la chini lilikunywa kipande chake. Maji yalipofika kwa Abrehet, alifungulia nusu ya zamu yake, kisha akaliziba lango lake kwa tope.

"Yaliyobaki ni yako, dada. Fanya haraka nisije nikajuta."

Vilipona vitunguu nusu shamba kwa Abrehet, na nusu kwa Letebrhan. Watoto walikula mara moja kwa siku hadi mvua.

Funzo

Kugawanya kwa nusu si kugawanya kwa mbili. Ni kuuliza nusu ngapi zimo. Asiyejua tofauti hiyo atadhulumiwa huku akishukuru. Mtu akikutajia mgawo, mwambie auchore mbele yako, kwa mkaa, kwa udongo, au kwa chakula chako mwenyewe. Na usimcheke anayesimama kuuliza. Mwaka jana aliyesimama alikuwa mume wa Letebrhan. Tulimcheka akakaa, vitunguu vikakauka, akaondoka kwenda kutafuta kazi, na aliporudi alikuwa amebebwa.